Sauti Iliyopona kwa Lugha Ipi? Upasuaji wa Nyuzi za Sauti na Mzigo wa Glota katika Lugha za Karatu na Ngorongoro

Ikisiri

Mafanikio ya upasuaji wa nyuzi za sauti, pamoja na mazoezi yanayoufuata, kwa kawaida hupimwa kwa vigezo viwili: hali ya nyuzi zenyewe na ubora wa sauti kwa jumla. Makala hii inajadili kigezo cha tatu kinachostahili kupewa nafasi yake, nacho ni lugha ya msemaji. Kwa kutumia mfano wa Karatu na Ngorongoro, ambako Kiswahili kinakutana na Kiiraqw, Kimaasai, Kidatoga na Kihadza, makala inaonyesha kwamba dosari ileile ya nyuzi za sauti humpokonya msemaji mambo tofauti kutegemea fonolojia ya lugha anayoisema. Inahitimishwa kwamba mgonjwa anayepimwa kwa Kiswahili peke yake anaweza kuhesabiwa kuwa amepona ilhali lugha yake ya nyumbani haijarudi, na kwamba wanaisimu wana wajibu wa kushiriki katika uandaaji wa vipimo vinavyofaa.

1.0 Utangulizi

Barabara itokayo Makuyuni hupita Mto wa Mbu, hupanda ukingo wa Bonde la Ufa, hufika Karatu, kisha huendelea hadi kwenye lango la eneo la hifadhi ya Ngorongoro lililoanzishwa mwaka 1959. Kwa mwanaisimu, safari hiyo fupi ni ya pekee. Katika eneo hilo na jirani zake zinasemwa lugha ambazo Greenberg (1963) aliziweka katika makundi yote manne makuu ya lugha za Afrika. Kiswahili ni cha Kibantu. Kiiraqw, ambacho wengi wamezoea kukiita Kimbulu, ni cha Kikushi. Kimaasai na Kidatoga ni vya Kiniloti. Kihadza, kinachosemwa kandokando ya Ziwa Eyasi, Greenberg alikiweka katika kundi la Khoisan kwa sababu ya vidoko vyake, ingawa wataalamu wengi siku hizi hukiona kuwa ni lugha inayosimama peke yake.

Eneo hilohilo lina watu wengi wanaoishi kwa sauti zao. Mwalimu wa shule ya msingi hufundisha darasa kubwa bila kipaza sauti. Mchungaji na katekista huhubiri, mwongoza watalii huzungumza kutwa nzima ndani ya gari katika vumbi la kiangazi, na mfugaji huita mifugo kutoka mbali. Katika ngoma za Wamaasai yuko kiongozi wa wimbo, olaranyani, ambaye wengine humwitikia. Na katika baraka za Wairaqw ziitwazo slufay, msemaji mmoja hutamka na hadhira humjibu. Sauti ya watu kama hawa inapopwea kwa majuma mengi, kinachopotea si starehe tu. Hupotea kazi, na pengine hadhi.

Baadhi ya wagonjwa hao hatimaye hufanyiwa upasuaji. Kwa aliye Endulen au Karatu, huduma za kibingwa za masikio, pua na koo humaanisha mara nyingi safari ya kwenda Arusha au hadi KCMC mjini Moshi, hospitali ya rufaa iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo kutoka Karatu ni zaidi ya kilomita 200. Huko lugha ya mazungumzo kati ya mgonjwa na mganga ni Kiswahili. Swali linaloulizwa na makala hii linatokana na hali hiyo: mgonjwa anapoambiwa kwamba sauti yake imerudi, imerudi kwa lugha ipi?

2.0 Nyuzi za Sauti na Kazi Nne za Glota

Nyuzi za sauti si nyuzi kwa maana ya kawaida ya neno hilo. Ni mikunjo miwili ya tishu laini iliyolala ndani ya zoloto kutoka mbele kwenda nyuma, na uwazi ulio kati yake ndio uitwao glota. Mtu wa kwanza kueleza kwa mapana jinsi alivyoziona zikifanya kazi ndani ya mtu hai hakuwa mganga bali mwalimu wa uimbaji. Manuel Garcia alitumia vioo viwili na mwanga wa jua kutazama koo lake mwenyewe mwaka 1854, na mwaka uliofuata taarifa yake ilisomwa mbele ya Royal Society mjini London. Tukio hilo linafaa kukumbukwa na yeyote anayedhani kwamba zoloto ni mali ya waganga peke yao.

Kwa mujibu wa nadharia ya van den Berg (1958), hewa ya mapafu huzisukuma nyuzi zitengane, kisha unyumbufu wake pamoja na kushuka kwa kanieneo ya hewa inayopita kwa kasi huzirudisha pamoja. Mzunguko huo hujirudia takribani mara 120 kwa sekunde katika sauti ya kawaida ya mwanamume, na takribani mara 200 katika ile ya mwanamke. Hirano (1974) alionyesha kwamba kila uzi una matabaka: juu kuna gamba laini na jepesi, chini kuna kiini cha msuli. Sauti safi hutegemea gamba kuteleza kwa uhuru juu ya kiini. Gamba likishikamana na kiini kwa sababu ya kovu, mtetemo hufifia hata kama nyuzi zinaonekana kuwa nzima.

Kwa mtazamo wa fonetiki, glota ina kazi nne ambazo ni muhimu kutenganishwa:

(a) kutoa ughuna, yaani mtetemo unaotofautisha /b/ na /p/ au /z/ na /s/;
(b) kupandisha na kushusha kidatu, ambacho ndicho msingi wa toni na kiimbo;
(c) kufunga kabisa njia ya hewa, kama katika kipasuo cha glota;
(d) kuwa pampu, ambapo zoloto lote hupanda au kushuka na kusukuma au kuvuta hewa iliyo juu yake.

Kila lugha hutumia kazi hizi kwa kiwango chake. Jumla ya kazi ambazo lugha fulani imezikabidhi kwa glota itaitwa katika makala hii mzigo wa glota.

3.0 Upasuaji na Kinachoguswa

Upasuaji unaohusu nyuzi za sauti unaweza kugawanywa katika aina tatu kuu. Aina ya kwanza ni kuondoa vioteo: vinundu, uvimbe laini, vifuko vya maji, au vioteo vya virusi ambavyo huwapata hata watoto. Vinundu vinavyotokana na matumizi mabaya ya sauti, ambavyo ni maarufu miongoni mwa walimu na waimbaji, hutibiwa kwanza kwa mafunzo ya sauti. Kisu hufuata pale mafunzo yanaposhindwa. Kanuni ya mpasuaji wa leo, inayotokana na ugunduzi wa Hirano, ni kukata kidogo iwezekanavyo na kutogusa matabaka ya chini. Hatari yake ni kovu, na kovu huathiri kazi (a) na (b).

Aina ya pili ni kurekebisha uzi uliopooza. Kila upande wa zoloto una mishipa miwili ya fahamu inayohusika. Mmoja hushuka hadi kifuani kisha hurudi juu, ukipita nyuma ya tezi ya shingo. Galen, tabibu wa karne ya 2, alionyesha hadharani mjini Roma kwamba nguruwe anayepiga kelele hunyamaza mshipa huo ukikatwa. Kwa kuwa mshipa huo umegusana na tezi, upasuaji wa rovu ni miongoni mwa sababu zinazojulikana za kupooza kwa uzi wa sauti. Jambo hili linazihusu nyanda za juu za Tanzania kwa namna ya pekee, kwani rovu lilienea huko kutokana na upungufu wa madini joto kabla ya sheria ya kuyatia katika chumvi kuanza kutekelezwa katika miaka ya 1990. Uzi mmoja unapopooza ukiwa mbali na mwenziwe, glota haifungi. Hewa huvuja na kazi (c) na (d) hudhoofika pamoja na ughuna. Tiba ni kuusogeza uzi uliopooza katikati. Brünings alifanya hivyo mwaka 1911 kwa kudunga nta ya parafini, njia iliyoachwa baadaye kwa madhara yake. Na mwaka 1974 Isshiki na wenzake walieleza namna ya kufungua kidirisha katika gegedu la zoloto na kuusukuma uzi kutoka nje.

Mshipa wa pili ni mwembamba zaidi na huhudumia msuli unaozivuta nyuzi ili kidatu kipande. Nao unaweza kujeruhiwa wakati wa upasuaji wa rovu. Mgonjwa wa aina hii huweza kuzungumza vizuri kiasi cha kumridhisha msikilizaji, lakini hawezi kupandisha sauti kama zamani, na huchoka mapema. Dosari yake imejificha katika kazi (b) peke yake.

Aina ya tatu ni kuondoa zoloto lote kwa sababu ya saratani, upasuaji uliofanywa na Billroth mjini Vienna mwaka 1873. Hapo kazi zote nne hutoweka. Mgonjwa huweza kujifunza kutumia hewa ya umio, kutumia kifaa cha umeme kinachowekwa shingoni, au kutiwa kilango kidogo kati ya koo la hewa na umio, mbinu iliyoelezwa na Singer na Blom mwaka 1980.

4.0 Mzigo wa Glota katika Lugha Tano

4.1 Kiswahili

Mzigo wa glota katika Kiswahili ni wa wastani. Ughuna hutofautisha maneno mengi: tamu na damu, fua na vua, toa na doa, paka na baka. Aidha, vipasuo ghuna vya Kiswahili visivyotanguliwa na nazali hutamkwa na wasemaji wengi kwa zoloto kushuka kidogo na hewa kuvutwa ndani, kwa hiyo kazi (d) nayo imo, ingawa haitofautishi maana.

Kiswahili Sanifu hakina toni ya kileksika. Kina mkazo ambao kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na ambao husikika kwa urefu wa irabu pamoja na kidatu. Mgonjwa mwenye kidatu kimoja bado anaweza kuonyesha mkazo kwa urefu. Pale ambapo kidatu kina kazi ya kisarufi ni katika kiimbo: “Amefika” na “Amefika?” hutofautiana kwa kiimbo tu. Hata hapo lugha ina akiba yake, kwani msemaji anaweza kutanguliza neno “je”. Kwa jumla, Kiswahili humvumilia mtu aliyepoteza kidatu.

4.2 Kiiraqw

Katika Kiiraqw, kama kilivyoelezwa na Mous (1993), mzigo ni mkubwa zaidi na wa namna nyingine. Lugha hii ina kipasuo cha glota chenye hadhi ya fonimu, kama katika ma'ay ‘maji’ na do' ‘nyumba’. Ina pia konsonanti zinazoandikwa ts na tl, ambazo hutamkwa kwa glota kufungwa barabara na zoloto kupandishwa ili kuisukuma hewa iliyonaswa juu yake. Mtu ambaye glota yake haifungi hana pampu hiyo. Konsonanti hizo huelekea kusikika kama zimelegea, na kipasuo cha glota huelekea kugeuka pumzi.

Zaidi ya hayo, Kiiraqw kina sauti mbili za koromeo, ambazo msomaji anayejua Kiarabu atazifananisha na ha nzito na ain. Katika maandishi ya Kiiraqw ya kwanza huandikwa hh. Sauti za aina hii hutamkwa kwa kubana sehemu ya koo iliyo juu kidogo tu ya nyuzi za sauti. Utafiti wa Esling tangu miaka ya 1990 umeonyesha kwamba mbano huo unaihusisha mikunjo iliyo mlangoni mwa zoloto lenyewe. Hapa pana jambo linalohitaji uangalifu mkubwa. Katika kliniki za sauti, mbano wa sehemu hiyo huhesabiwa kuwa dalili ya matumizi mabaya ya sauti: mgonjwa ambaye nyuzi zake hazikutani hujaribu kufidia kwa kubana kila kilicho juu yake, na mwalimu wa sauti humfundisha kuacha. Kwa msemaji wa Kiingereza ushauri huo hauna madhara kwa fonimu yoyote. Kwa Mwiraqw, ushauri huohuo ukitolewa bila kupambanua unaweza kumfanya aepuke sauti halali za lugha yake. Kinachotakiwa ni kumfundisha kutenganisha mbano wa fonimu, ambao ni wa kitambo kifupi, na mbano wa mazoea, ambao huendelea katika irabu zote.

4.3 Kimaasai na Kidatoga

Kimaasai, kilichoelezwa kwa kina na Tucker na Mpaayei (1955), kinaiwekea glota mzigo mzito kuliko lugha zote zilizojadiliwa hapa kwa upande wa kidatu. Kwanza, vipasuo vyake ghuna ni vya kuvuta hewa ndani, kwa hiyo zoloto lazima lishuke huku nyuzi zikitetema. Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, toni huonyesha uhusika wa nomino. Nomino ileile huwa na toni moja ikiwa mtenda na toni nyingine ikiwa mtendwa.

Umuhimu wa jambo hili huonekana katika sentensi yenye nomino moja. Mpangilio wa kawaida wa Kimaasai ni kitenzi kwanza, kisha mtenda, kisha mtendwa. Nomino zote mbili zikitajwa, mpangilio huweza kumsaidia msikilizaji hata kama toni imefifia. Lakini katika mazungumzo mara nyingi mshiriki anayejulikana hatajwi. Kitenzi cha nafsi ya tatu hakionyeshi mtendwa wa nafsi ya tatu. Kwa hiyo kitenzi chenye maana ya ‘kuona’ kikifuatwa na nomino moja yenye maana ya ‘mwanamke’, ni toni ya nomino hiyo ndiyo huamua kama mwanamke alimwona fulani au fulani alimwona mwanamke. Msemaji asiye na uwezo wa kupambanua vidatu hajapungukiwa na utamu wa sauti. Amepungukiwa na sarufi. Katika mazingira ya ushahidi barazani, au ya kumweleza mganga nani alimpiga nani, tofauti hiyo si ndogo.

Kidatoga, kinachosemwa na wafugaji wa eneo la Eyasi na kusini yake, nacho ni lugha ya toni, na hoja hiyohiyo inakihusu kwa jumla.

Ni lazima hata hivyo hoja hii isitiwe chumvi. Toni ni jambo la uwiano: kinachotakiwa si kidatu cha juu sana bali tofauti inayosikika kati ya kidatu kimoja na kingine. Mgonjwa ambaye mawanda ya kidatu chake yamepungua anaweza bado kubakiza tofauti hiyo katika nafasi finyu. Aidha, wasemaji hufidia kwa urefu na nguvu ya silabi, kama ionekanavyo katika mnong'ono. Ushahidi kutoka Asia unaunga mkono pande zote mbili. Gandour na wenzake, waliochunguza toni za Kithai katika miaka ya 1980, na Ng na wenzake, waliochunguza Kikantoni mwaka 1998, waliwashughulikia watu walioondolewa zoloto. Kwa jumla, kifaa cha umeme chenye kidatu kimoja kisichobadilika ndicho kinachoipa toni nafasi ndogo, ilhali mbinu inayotumia hewa ya msemaji mwenyewe humwachia uwezo fulani wa kubadili kidatu. Kwa hiyo uchaguzi wa mbinu ya kurejesha sauti ni uchaguzi wa kiisimu pia.

4.4 Kihadza

Kihadza kinatoa mfano wa kinyume. Vidoko hutamkwa kwa mifuniko miwili ndani ya kinywa, mmoja nyuma na mwingine mbele. Ulimi ukishuka, hewa iliyo kati yake hupungua nguvu, na mfuniko wa mbele ukiachia husikika mlio mkali. Mlio huo hauhitaji hewa ya mapafu wala nyuzi za sauti. Mtu aliyekatazwa kusema kwa juma zima bado anaweza kutoa kidoko bila kuzigusa nyuzi zake. Lakini vidoko si lugha nzima. Kihadza kina pia konsonanti zinazotegemea glota iliyofungwa, na baadhi ya vidoko vyake huandamana na mfungo wa glota. Kwa hiyo Mhadza mwenye uzi uliopooza huhifadhi sehemu ya konsonanti zake kwa ukamilifu na kupoteza nyingine, mgawanyo ambao vipimo vya kawaida haviwezi kuuona.

5.0 Vipimo: Sauti Inasikilizwa kwa Sikio la Nani?

Vipimo vya sauti vinavyotumika sana ni vichache. Mgonjwa huombwa kutamka irabu /a/ kwa pumzi moja kwa muda mrefu awezavyo. Huombwa kutamka /s/ na /z/ kwa zamu, na muda wa sauti hizo mbili hulinganishwa. Njia hii ilienea baada ya Eckel na Boone (1981). Huombwa kuhesabu, na kusoma kifungu kifupi. Hatimaye msikilizaji hutoa alama kwa ukwaruzo, upumuaji na udhaifu wa sauti.

Kipimo cha irabu ndefu kinafaa kwa lugha zote, lakini hupima kazi (a) peke yake. Kipimo cha /s/ na /z/ kina tatizo la wazi: wala Kiiraqw wala Kimaasai hakina /z/ katika orodha ya fonimu zake. Mzee aliyejifunza Kiswahili ukubwani anaweza kutamka /s/ badala ya /z/ kwa sababu ya lugha yake ya kwanza, na matokeo yake yasiseme lolote kuhusu nyuzi za sauti. Kipimo cha kuhesabu kinaonyesha tofauti kwa uwazi zaidi. “Moja, mbili, tatu, nne” haihitaji kipasuo cha glota, wala sauti ya koromeo, wala konsonanti ya kusukumwa na zoloto. Kwa Kiiraqw, “wak, tsar, tam, tsiyahh” huhitaji konsonanti ya zoloto mara mbili na sauti ya koromeo mara moja. Mtu huyohuyo, siku hiyohiyo, anaweza kufaulu hesabu ya kwanza na kukwama katika ya pili.

Suala hili lina uzito mkubwa zaidi ndani ya chumba cha upasuaji wenyewe. Katika njia ya Isshiki mgonjwa hutiwa ganzi ya sehemu tu na hubaki macho. Mpasuaji husogeza uzi kidogo kidogo huku mgonjwa akiombwa kutamka, na huacha pale sauti inapokuwa nzuri. Sikio la mpasuaji ndilo kipimo, na maneno yanayotamkwa dakika hizo ndiyo yanayoamua mahali uzi utakapokaa kwa miaka. Ikiwa mgonjwa ni Mwiraqw, maneno yenye kipasuo cha glota yangeonyesha kama mfungo umetosha. Ikiwa ni Mmaasai, jozi ya sentensi zinazotofautiana kwa toni, zikisikilizwa na msemaji mwenziwe, zingeonyesha kama kidatu kina nafasi ya kupanda. Hayo hayahitaji mashine. Yanahitaji karatasi moja iliyoandaliwa mapema, na mtu wa kusikiliza.

Mfano kutoka ulimwengu wa sanaa unasaidia kuona mantiki hii. Mwaka 1997 Julie Andrews, mwimbaji na mwigizaji wa Uingereza, alifanyiwa upasuaji wa nyuzi za sauti, na baada yake hakuweza kuimba kama zamani, ingawa aliendelea kuzungumza na kuigiza. Kwa lugha ya Kiingereza, sauti yake ilitosha kwa mazungumzo. Kwa uimbaji, unaodai kidatu sahihi, haikutosha. Msemaji wa lugha ya toni yuko mahali fulani kati ya hali hizo mbili: kila siku anadai kutoka kwenye nyuzi zake kitu ambacho msemaji wa Kiingereza hukidai zaidi anapoimba. Kumpima kwa lugha isiyo na toni ni kama kumpima mwimbaji kwa kumsikiliza akisoma gazeti.

6.0 Kipindi cha Ukimya na Mazoezi ya Nyumbani

Baada ya vioteo kuondolewa, mgonjwa kwa kawaida huagizwa kunyamaza kwa siku kadhaa, mara nyingi hadi juma moja, kisha kurejea usemaji hatua kwa hatua. Kosa la kawaida ni kudhani kwamba kunong'ona ni kupumzika. Mnong'ono wa nguvu hulikaza zoloto na haupunguzi taabu yake. Ni bora kuongea kidogo kwa sauti laini, pale inaporuhusiwa, kuliko kunong'ona kutwa.

Katika jamii ambazo salamu ni ndefu na kutoitikia ni utovu wa adabu, agizo la ukimya ni gumu kulitimiza bila watu wa nyumbani kuelezwa. Ukimya usioelezwa hufasiriwa kuwa kiburi au huzuni. Kwa hiyo maelezo yapaswa kutolewa kwa familia, na kwa lugha ambayo bibi asiyejua Kiswahili ataielewa.

Mazoezi yanayofuata hulenga kupatanisha pumzi na mtetemo: kuvumisha /m/ kwa midomo iliyofungwa, kutelezesha kidatu kutoka chini kwenda juu na kurudi, kisha kupandisha mazoezi hadi silabi, maneno na sentensi. Wataalamu wa matibabu ya usemaji nchini ni wachache mno, na umbali kati ya Ngorongoro na hospitali za rufaa hauruhusu mgonjwa kurudi kila juma. Mazoezi lazima yafanyike nyumbani. Hapa ndipo mwanaisimu anapohitajika, kwa sababu mpangilio wa maneno ya mazoezi, kutoka rahisi hadi magumu kwa glota, hauwezi kutafsiriwa kutoka lugha nyingine. Neno lenye irabu na nazali tupu ni jepesi katika lugha zote; lililo gumu hutegemea lugha. Kwa Mwiraqw, maneno yenye ts, tl na kipasuo cha glota yawekwe mwisho wa ngazi. Kwa Mmaasai, vipasuo vya kuvuta ndani vije kabla ya jozi za toni, na jozi za toni zijaribiwe mbele ya msikilizaji asiyeoneshwa jibu.

7.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba sauti inayopotea katika ugonjwa wa nyuzi za sauti si kitu kimoja kwa wasemaji wote. Kwa msemaji wa Kiswahili huweza kuwa ni tofauti ya damu na tamu. Kwa Mwiraqw, mfungo ulio ndani ya neno maji. Kwa Mmaasai, tofauti ya mtenda na mtendwa. Kwa Mhadza, sehemu fulani tu ya konsonanti zake. Kiswahili kitaendelea kuwa lugha ya mganga na mgonjwa katika hospitali za kaskazini mwa Tanzania, na hilo si kasoro. Kasoro ni kukifanya kuwa kipimo pekee.

Mapendekezo yanayotokana na mjadala huu ni matatu. Kwanza, kwa kila lugha ya eneo iandaliwe orodha fupi ya maneno na sentensi inayogusa kazi zote nne za glota, na orodha hiyo isomwe au itamkwe kabla na baada ya upasuaji. Pili, hukumu ya kupona itolewe pia na msikilizaji anayeisema lugha hiyo tangu utotoni, awe muuguzi au ndugu wa mgonjwa. Tatu, idara za isimu ziwape wanafunzi wa uzamili kazi ya kurekodi usemaji wa watu wenye dosari za nyuzi za sauti, kwa idhini yao, katika lugha ambazo hadi sasa zimeelezwa kutokana na vinywa vya watu wenye afya tu. Kazi hiyo ingewafaa wagonjwa, na ingeifaa nadharia pia, kwani uzito halisi wa toni au wa mfungo wa glota katika lugha hudhihirika vyema pale msemaji anapolazimika kuishi bila kimojawapo.